Mlango wa Udaktari Si Mmoja

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, nyumba nyingi nchini hujaa furaha. Baada ya miezi michache, baadhi ya nyumba hizo hizo hujaa simanzi. Kijana aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia, aliyepongezwa na walimu wake na kuchinjiwa jogoo na bibi yake, hujikuta hana nafasi katika chuo chochote cha udaktari. Kisa chake aghalabu ni kifupi: aliomba chuo kimoja tu. Wenzake waliopata alama pungufu ya zake wamekwisha kuanza masomo Dodoma, Mwanza au Moshi, naye amebaki barazani akisubiri mwaka mwingine.

Hasara hiyo si ya kijana huyo peke yake. Mwalimu Nyerere alipata kukumbusha kwamba wakati wa Uhuru, mwaka 1961, nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Tangu hapo jasho jingi la wakulima na wafanyakazi limetumika kujenga shule, maabara na vyuo ili idadi hiyo iongezeke. Mwanafunzi mwenye uwezo anapokosa nafasi kwa sababu ya kujaza fomu vibaya, jasho hilo hupotea bure, na mgonjwa wa kijijini ndiye anayelipa.

Yafaa kuelewa mawazo ya chuo kimoja yalitoka wapi. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na kwa miaka mingi baadaye kijana aliyetaka kusomea udaktari nchini hakuwa na mahali pengine pa kwenda ila Muhimbili. Babu na baba waliishi katika hali hiyo, nao wakawarithisha watoto wao imani kwamba daktari wa kweli hutoka Muhimbili. Imani hiyo ilikuwa na msingi wakati wake. Leo imepitwa na wakati. Mwaka 1997 milango ilianza kufunguka, kwa kuanzishwa vyuo vya KCMC mjini Moshi na Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam. Bugando, Mwanza, ilifuata mwaka 2003. Baadaye udaktari ukafundishwa pia Dodoma, Ifakara, Mbeya na Zanzibar.

Vyuo vyote hivyo, maadamu vina ithibati, hufundisha udaktari kwa miaka mitano, na mhitimu hufuatisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya kupewa usajili kamili. Mgonjwa aliyelazwa Kasulu au Newala haulizi daktari wake alisoma mji gani. Huuliza kama atapona.

Kosa la pili, ambalo huwaponza hata waombaji wa vyuo vingi, ni kuchanganya sifa ya kuomba na uhakika wa kuchaguliwa. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, mwombaji wa udaktari hutakiwa kuwa na alama isiyopungua D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani jumla ya pointi 6. Pointi hizo humruhusu mtu kubisha hodi, lakini hazimhakikishii kiti. Nafasi zinapokuwa chache kuliko waombaji, vyuo huanza na wenye alama za juu, na mwenye A tatu, yaani pointi 15, amesimama katika foleni hiyo hiyo. Kadhalika, aliyesoma mchepuo wa Kemia, Baiolojia na Jiografia hana sifa hata ya kuomba udaktari, kwa kuwa hana Fizikia. Ni uchungu kwa mzazi kugundua jambo hilo baada ya miaka miwili ya ada, ilhali lingeweza kuulizwa siku ya kwanza ya kidato cha tano.

Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja katika kila chuo, badala ya kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu kama ilivyokuwa tangu mwaka 2010. Utaratibu huu umempa mwombaji uhuru mkubwa zaidi, lakini umemtwika na mzigo wa kufikiri. Hapana mtu wa kumpangia. Hapana budi ajipangie mwenyewe.

Orodha nzuri hupangwa kama mkulima mwenye busara apangavyo shamba lake. Hapandi mahindi peke yake akaomba mvua isikosee. Hupanda na mtama, na muhogo pembeni. Mwombaji naye aanze na chuo kimoja au viwili ambavyo ushindani wake ni mkali, kwani kujaribu si dhambi. Kisha aweke vyuo ambavyo alama zake zinalingana na za wanaochaguliwa huko. Mwisho, aweke vile ambavyo alama zake zinazidi za wengi wanaopokewa. Kitabu cha mwongozo cha Tume, chenye sifa za kila kozi na idadi ya nafasi zake, kisomwe kwa makini kabla ya kalamu kugusa fomu. Tena, penye ruhusa ya kuchagua kozi zaidi ya moja, ya pili na ya tatu zisijazwe kwa kubahatisha. Uuguzi, famasia na sayansi ya maabara si makapi ya udaktari. Ni kazi kamili, na hospitali isiyo nazo ni jengo lenye vitanda tu.

Mizani nyingine ni mfuko wa mzazi. Ada ya chuo binafsi huweza kuwa zaidi ya maradufu ya ile ya chuo cha umma, na udaktari ni miaka mitano. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo hupelekwa mbali na maombi ya chuo, nayo hudai vyeti vilivyohakikiwa. Wakati huo vijana wengi huwa kambini, katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kitafutwe mapema, si siku ya mwisho dirisha linapofungwa. Chuo ambacho familia haiwezi kukilipia, kwa mkopo au bila mkopo, kisiwekwe katika orodha kama nguzo ya kuegemea.

Yupo pia yule anayechaguliwa na vyuo viwili au vitatu. Huyu hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja katika muda uliowekwa. Wengine husitasita wakisubiri jina lao litokee katika chuo chenye sifa kubwa zaidi, hata muda ukapita na nafasi iliyokuwa mkononi ikapotea. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini kuna mizani ambayo kitabu cha mwongozo hakiwezi kuipima. Mwezi Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba kijana asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Ilimpasa kwanza afanye kazi, na wale waliomwona kazini watoe ushahidi juu ya tabia na bidii yake. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, na una mengi ya kulaumiwa, kwa maana uliwachelewesha vijana ambao nchi iliwahitaji upesi. Hata hivyo, swali lililokuwa ndani yake halijafa: je, kijana huyu anafaa kwa kazi anayoitaka, au ana alama tu?

Leo alama ndizo zinazoamua, na mwombaji haombwi kueleza kwa nini anautaka udaktari. Kwa hiyo swali hilo limebaki kwake na kwa wazazi wake. Wapo wanaosukumwa na fahari ya ukoo, ilhali harufu ya wodi inawatapisha. Miezi ya kusubiri inatosha kwenda zahanati ya jirani, kumwomba mganga mfawidhi ruhusa ya kusaidia kazi ndogo ndogo, na kuona kwa macho usiku wa zamu ulivyo. Atakayerudi akiwa bado na hamu, na aombe bila woga. Atakayerudi akiwa amebadili nia atakuwa ameokoa miaka mitano yake, na kiti cha mwenzake.

Na kwa yule ambaye, pamoja na uangalifu wote, jina lake halikutokea, bado njia haijafungwa. Wapo madaktari walioanza na stashahada ya utabibu, wakawa maafisa tabibu, kisha wakaingia chuo kikuu kwa matokeo yao mazuri. Hao hufika darasani wakiwa wamekwisha kumjua mgonjwa. Safari yao ni ndefu zaidi, lakini wamepita mlango halali.

Walimu wa shule za sekondari wanaweza kuisaidia nchi kwa jambo moja rahisi: kabla kidato cha sita hakijatawanyika, wakae na kila mwanafunzi wa sayansi na kuipitia orodha yake ya vyuo. Ni kazi ya alasiri moja. Huenda ikaiongezea wilaya fulani daktari mmoja.