Huria kwa Jina

Kuweka msimbo wa programu hadharani ni kazi ya asubuhi moja. Kumpokea mtu wa nje anayetaka kuurekebisha ni kazi nyingine, na miradi mingi ya programu huria huikwepa kisha ikalalamika kwamba haina watu.

OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, ni mfano mzuri. Sun Microsystems iliinunua StarDivision, kampuni ya Hamburg iliyoiandika mwanzo, mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikauachia msimbo wa programu hiyo kwa kila mtu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kikashika kazi ya kuitafsiri, na Jambo OpenOffice, ya Kiswahili, ikatoka 2004. Lakini aliyetaka kugusa msimbo wenyewe alitakiwa kwanza atie saini hati ya kuipa Sun sehemu ya haki miliki ya kazi yake. Tunaelewa mwanasheria wa kampuni alitafuta nini. Kwa mwanafunzi aliyeona kasoro ndogo kwenye menyu, hati hiyo ilitosha kumfanya aende zake.

Aliyesaini akakuta maelezo ya ndani ya msimbo yameandikwa Kijerumani, maelfu kwa maelfu ya mistari, kwa kuwa waandishi wa kwanza walikuwa wakiandikiana wao kwa wao. (Sisi tumezoea kufungiwa nje na Kiingereza. Safari hii hata Mwingereza aliachwa barazani.)

Kampuni ya Oracle ilipoichukua Sun mwaka 2010, wachangiaji wengi walijitenga Septemba ya mwaka huohuo wakaanzisha LibreOffice kwa msimbo uleule. Hawakufanya la ajabu. Hati ya haki miliki waliitupa. Kijerumani kikaanza kugeuzwa Kiingereza, kazi iliyokula miaka. Wakatenga orodha ya kazi nyepesi za wanaoanza, kila moja ikieleza tatizo ni nini na faili gani ya kufungua kwanza. Wageni wakaja, na wale waliozoea kusema kwamba watu wa nje hawaiwezi kazi wakakosa la kusema.

Vikwazo vingine bado vipo. Kuugeuza msimbo wa mradi mkubwa kama huo kuwa programu inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida huchukua saa nyingi, na kuupakua humeza bando la kijana wa Mbeya au Kisumu kabla hajabadilisha herufi moja. Kulimaliza hilo kunahitaji fedha. Kumjibu mtu hakuhitaji. Anayekataliwa kwa sababu zilizoelezwa hujifunza na hurudi. Ambaye mchango wake umekaa miezi bila kusomwa harudi, na wenzake anawaambia.

Kwa hiyo miradi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala inayojiita huria iandike kwenye ukurasa wake wa mbele nani anasoma michango, na atajibu ndani ya siku ngapi. Kama mtu huyo hayupo, iandike hivyo pia, mgeni ajue mapema kabla hajakesha bure.