Pilipili mezani: mwamuzi ni nani?

Kuna wapenzi wanaoelewana kwa kila kitu mpaka kachumbari ifike mezani. Mmoja anataka pilipili kichaa, mwenzake anang'aka: "Utapata vidonda vya tumbo wewe!" Haya, mwezi huu tuwaamue.

Kwanza, pilipili haikuunguzi kweli. Ina kemikali iitwayo kapsaisini, inayogusa neva zilezile zinazohisi joto kali. Ubongo unadanganyika, jasho linakutoka, kamasi nazo hazishikiki!

Faida je? Mwaka 2015, jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofuatilia watu karibu 490,000 nchini China. Waliokula vyakula vya pilipili karibu kila siku walionekana kuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 14, wakilinganishwa na waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Ila tulia: utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba ni pilipili iliyowaokoa. Lenye uhakika ni kwamba pilipili mbichi ina vitamini C, na mboga yenye ladha haihitaji chumvi nyingi.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria, Helicobacter pylori. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diclofenac na aspirini. Kwa hiyo mwenzi wako akilalamika tumbo linawaka, usiishie kumfichia pilipili huku yeye anameza diclofenac kila mgongo ukimuuma. Mwende akapime, bakteria hao wanatibika. Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, ni hospitali saa hiyohiyo, hakuna kusubiri kesho.

Kweli, mwenye kiungulia pilipili inaweza kumzidishia, huyo apunguze. Dawa ya ndoa ni rahisi tu: pika chungu kimoja, pilipili ikae pembeni kwenye kibakuli, kila mtu ajipakulie. Ikikuzidi, kunywa maziwa, maana maji hayaiyeyushi kapsaisini.

Na ukimaliza kuikatakata, nawa mikono kwa sabuni kabla hujajigusa macho, au hujamgusa laazizi wako. Usije ukalala sebuleni bure!