DAFTARI LA WASIO NA KAZI

Kila Alkhamisi, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Washington, wakati ambao huku kwetu watu wako karibu na sala ya Alasiri, Wizara ya Kazi ya Marekani hutoa karatasi yenye hesabu ambayo mawaziri, mabenki na matajiri wa dunia huingojea. Si hesabu ya dhahabu wala ya mafuta. Ni hesabu ya watu waliopoteza kazi zao katika wiki iliyokwisha Jumamosi ya nyuma, wakaenda kuandikisha madai ya bima ya ukosefu wa kazi. Siku tano tu baada ya wiki kufungwa, nchi yenye watu zaidi ya milioni 330 hujua ni wangapi walioambiwa, "Kesho usije."

Huenda baadhi ya wasomaji wetu watukufu wakauliza: yatuhusu nini sisi watu wa Unguja na Pemba khabari za Wamarekani wasio na kazi? Twawaomba watusikilize mpaka mwisho, kwani tajiri hatumtazami ili tumhusudu, bali tujue afanyalo ambalo hata maskini aliweza kulifanya.

Bima hiyo haikuzaliwa katika neema. Uingereza ilianza mwaka 1911, kwa mafundi wa kazi chache kama ujenzi na uundaji wa meli. Marekani ilingoja mpaka dhiki kuu, ambapo mwaka 1933 karibu mtu mmoja katika kila wanne wa nguvukazi hakuwa na kazi. Jimbo la Wisconsin lilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 1932, kisha tarehe 14 Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt akatia saini sheria ya nchi nzima. Msingi wake ni mwepesi kufahamika: mwajiri hutoa kodi kidogo kwa kila mtumishi wakati kazi zipo, fedha huwekwa, na kazi zinapokatika mtumishi aliyeachishwa pasi na kosa lake hulipwa sehemu ya mshahara kwa muda maalumu, ambao katika majimbo mengi ni wiki 26. Anayekijua kisa cha Nabii Yusuf na miaka saba ya neema iliyowekea akiba miaka saba ya njaa, haoni ugeni wowote katika jambo hili.

Sasa natuitazame hesabu yenyewe. Mwezi wa Februari 2020 madai mapya yalikuwa laki mbili na kitu kwa wiki. Maradhi ya korona yakaingia. Wiki iliyokwisha tarehe 21 Machi madai yakaruka kufikia kiasi cha milioni 3, na wiki ya pili yake yakafika kiasi cha milioni 6. Tangu hesabu hizi zianze kuwekwa mwaka 1967, wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikuwa ya Oktoba 1982, nayo haikufika hata laki saba. Alkhamisi ya tarehe 26 Machi hesabu ya kwanza ikatangazwa; Ijumaa tarehe 27 ikatiwa saini sheria ya kuwaongezea wasio na kazi dola 600 kila wiki mpaka mwisho wa Julai, na kuwaingiza hata madereva na mafundi waliokuwa wakijitegemea. Hatusemi kuwa hesabu ndiyo iliyotunga sheria, kwani sheria ilikuwa imekwisha kujadiliwa. Lakini baada ya Alkhamisi ile hapakuwa na awezaye kusema kuwa shida ya watu ni maneno ya wapinzani.

Wenye kuisoma hesabu hiyo kwa makini hawaangalii wiki moja pekee. Hutazama wastani wa wiki nne, na husawazisha misimu, kwa kuwa kila nchi ina miezi ya shughuli na miezi ya ukame. Tena hutenga madai mapya na madai yanayoendelea. Mwaka 2025 ni mfano mzuri: madai mapya yalikaa karibu na laki mbili na kitu katika wiki nyingi, jambo lililoonyesha kuwa waajiri hawakuwa wakifukuza watu kwa wingi, lakini madai yanayoendelea yalikaribia milioni 2, kiasi kisichoonekana tangu mwaka 2021. Maana yake, aliyetoka kazini alitafuta mlango wa pili na asiuone. Hesabu ya kwanza peke yake ingelaza watu usingizi. Ya pili iliwaamsha.

Wala hatuwasifu Wamarekani kupita haki yao. Sheria ya 1935 iliwaacha nje wakulima wa vibarua na watumishi wa majumbani, na wengi wa watu weusi walikuwa katika kazi hizo hizo. Hata leo mtu wa Florida hulipwa wiki 12 tu pale ambapo mwenzake wa jimbo jengine hulipwa 26. Kijana ambaye hajapata kuajiriwa kamwe hahesabiwi katika madai hayo. Na mwaka 2025 tuliona mambo mawili ya kusikitisha: tarehe 1 Agosti Rais Trump alimfukuza mkuu wa idara ya takwimu za kazi siku ile ile zilipotoka hesabu zisizopendeza, na Serikali yao ilipofungwa tangu tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, karatasi ya Alkhamisi haikutoka. Lakini majimbo yaliendelea kuandika, na wataalamu wakakaa wakajumlisha wenyewe. Hapo pana somo: daftari likishazoeleka mikononi mwa wengi, hata mfalme hawezi kulificha lote.

Turudi nyumbani. Uchunguzi mkubwa wa nguvukazi katika nchi yetu ulifanywa mwaka 2014, kisha mwaka 2020/21. Baina ya hesabu na hesabu ikapita miaka sita. Mtoto aliyekuwa chuoni akijifunza alifu na be alikuwa amekwisha kukhitimu juzuu zake. Na katika muda huo hatukupata kuona, si kwa wiki wala kwa mwezi, karatasi ya kuwaambia wananchi ni wangapi walioachishwa kazi na ni wangapi waliorejeshwa.

Basi nani aliyekuwa akihesabu? Kwa Mwenyezi Mungu, tulikuwa tukihesabu sisi wenye maduka. Daftari letu la mkopo ndilo karatasi letu la Alkhamisi. Mtu akiwa kazini huja mwisho wa mwezi akalipa, akachukua kilo kumi za mchele na chupa ya mafuta. Akipunguziwa siku, huchukua kilo mbili. Akiachishwa, hutuma mtoto na kijikaratasi kuomba nusu kilo ya unga, sukari ya kikombe, na sabuni kipande. Kisha mtoto naye huacha kuja, na hapo hujua mwenye duka kuwa nyumba ile imeona haya. Mwezi wa Machi 2020, ndege za watalii zilipozuiliwa na hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zikafunga milango, hatukungoja taarifa ya mtu. Tulizihesabu kurasa. Kila masika, wageni wanapopungua, huzihesabu tena.

Lakini daftari la duka si bima. Mkopo wa duka ni deni la maskini kwa maskini mwenziwe, na mwenye duka naye anadaiwa na muuzaji wa jumla. Haifai uzito wa uchumi wa hoteli kubwa uangukie mizani ya duka la kichochoroni, ilhali faida ya miezi ya Julai na Agosti imekwisha kupanda ndege.

Tutajibiwa kuwa sisi ni maskini, na kuwa wavuvi, wakulima wa mwani, wachuma karafuu na waendesha bodaboda hawana mwajiri wa kukatwa kodi. Ni kweli, na hatutaki kuwadanganya watu kwa kuahidi yote siku moja. Lakini kusema huwezi kujenga nyumba nzima si udhuru wa kutoweka hata jiwe la msingi. Huku Zanzibar Mfuko wa Hifadhi ya Jamii uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1998, na waajiri wanawajibika kuupelekea michango ya watumishi wao. Jina la mtumishi linapotoweka katika orodha ya mchango, hiyo ni khabari tayari imekwisha kuandikwa. Haihitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo wala warsha ya siku tatu. Yahitaji karani wa kujumlisha na Serikali isiyoogopa jumla yake. Tena Bara, sheria ya mwaka 2018 iliingiza fao la kukosa ajira kwa wanachama wa mifuko. Kwa hiyo fikra hii si ya Marekani peke yake; imekwisha kuvuka bahari, yaliyobaki ni kuitendea haki.

Tunayoyataka ni matatu. Kwanza, kila mwezi itangazwe kwa wilaya idadi ya majina yaliyotoka na yaliyoingia katika michango, bila ya kutaja mtu, na ibandikwe pahala ambapo mvuvi ataisoma sawa na mkurugenzi. Pili, waajiri wa biashara ya utalii watoe akiba ndogo katika miezi ya wageni ili mtumishi apate chochote katika miezi ya masika. Tatu, mwenye kuitoa hesabu hiyo alindwe na sheria, asifukuzwe kwa kuwa hesabu imemchukiza mkubwa.

Sisi tuliofundishwa Sura ya Mutaffifin tungali wadogo twajua adhabu iliyoahidiwa mwenye kupunja kipimo. Muuza duka akipunja pishi moja, watu humshitaki, na ni haki yao. Basi na anayekaa miaka sita bila ya kuwapima watu wake, hali kila siku wanapungua, naye aitwe nani?

Tunaifunga makala hii kwa ombi kwa wasomaji wetu. Wenye maduka wa Unguja na Pemba, hesabuni kurasa zenu za mkopo kila mwisho wa wiki, bila ya kutoa siri ya mtu, na mtuletee jumla yake katika tawi lililo karibu nanyi. Iwapo Serikali haijaona haja ya kuhesabu, tutaanza sisi, na siku itakayotaka kujua itakuta daftari liko tayari.

Wabillahi taufiq.