Mtandao Haujawahi Kushika Kamera

Safu ya Pembeni mwa Picha
Na Zuhura Mwakalinga

Ilikuwa saa 10 na dakika 53 alasiri, Januari 12, 2010, ardhi ilipotikisika na kuuangusha mji wa Port-au-Prince. Daniel Morel, Mhaiti aliyeipiga picha nchi yake kwa miaka mingi, mingine akiwa na shirika la habari la AP, alikuwa mjini na kamera yake. Akaingia mitaani watu wangali wanachomolewa kwenye vifusi. Katika picha moja yuko mwanamke aliyetapakaa vumbi, kichwa kinachungulia kati ya mbao na zege, macho yamemkazia mpiga picha.

Simu zilikuwa hazishiki na intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Jioni ile Morel alifungua akaunti ya Twitter, akapandisha picha zake kwenye TwitPic, huduma ya kuweka picha za Twitter, ili wahariri wa nje wajue kwamba anazo na waje wazinunue. Alikuwa mchuuzi aliyepanga bidhaa barazani, akisubiri wateja.

Wa kwanza kufika hakuwa mteja. Mtu mmoja wa nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika alizikwapua picha hizo, akaziweka kwenye akaunti yake na kutangaza kuwa ni zake na anaziuza. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kwake, likaandika jina lake chini ya picha, likazitawanya kwa wateja wake na kwa mshirika wake, Getty Images. Dunia ilipoamka, picha za Morel zilikuwa kwenye kurasa za mbele za magazeti, na baadhi zilikuwa na jina la mtu ambaye hakuwa amezipiga.

Kilichofuata kinafaa kusomwa polepole na kila anayekaa dawati la picha. AFP ilirekebisha jina, kisha Januari 14 ikatoa agizo kwamba picha hizo ziondolewe. Getty ikaondoa zile zilizoandikwa jina la Morel. Zile zilizobaki na jina la yule mkwapuaji hazikuguswa, zikaendelea kupatikana kwa wateja hadi mwanzoni mwa Februari. Yaani jina la uongo ndilo lililozikinga zisiondolewe.

Mwanasheria wa Morel alipoanza kuwadai waliozitumia, AFP haikusubiri kushtakiwa. Machi 2010 ilitangulia yenyewe katika mahakama ya shirikisho New York, ikimshtaki mpiga picha na kuiomba mahakama itamke kwamba haijakiuka haki yake. Aliyeibiwa akajikuta upande wa mshtakiwa. Hoja kuu ya shirika ilikuwa nyepesi: ukiweka picha Twitter, masharti ya Twitter yanampa kila mtu ruhusa ya kuitumia.

Hoja hiyo utaisikia leo hii Kariakoo, Kisumu au Bujumbura, bila hata wakili: “Si aliiweka mwenyewe mtandaoni?” Jaji Alison Nathan aliisoma mikataba ya Twitter na TwitPic mstari kwa mstari na Januari 2013 akaikataa. Masharti yale yaliruhusu watumiaji kurushiana ujumbe ndani ya mtandao ule. Hayakumpa wakala wa habari leseni ya kuichomoa picha na kwenda kuiuza. Novemba mwaka huohuo baraza la juri mjini New York liliona kwamba AFP na Getty zilikiuka haki kwa makusudi. Picha zilizohusika zilikuwa 8, na sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya hadi dola 150,000 kwa kila kazi iliyokiukwa kwa makusudi. Juri halikupunguza hata senti: dola milioni 1.2. Mwaka 2014 jaji aliiacha fidia hiyo isimame.

Ilichukua karibu miaka 4 kufika kwenye hukumu, na hilo nalo lisemwe. Mpiga picha wa kawaida hana miaka 4 ya kusubiri.

Sasa turudi kwetu. Fungua gazeti lolote la Kiswahili, ukurasa wa michezo au wa burudani, utazame herufi ndogo chini ya picha. “Picha kwa hisani ya mtandao.” Wengine hufupisha: “Picha: Mtandao.” Safu hii imejaribu kuielewa sentensi hiyo kwa miaka na imeshindwa. Hisani hufanywa na mtu aliyeombwa akakubali. Mtandao uliombwa lini, na nani, na ulijibuje? Maneno hayo hayamtaji mwenye picha. Yanachofanya ni kukiri, kwa maandishi na kwa tarehe, kwamba aliyechapa alijua picha si yake na hakujishughulisha kumtafuta mwenyewe. Wakili makini hahitaji ushahidi mwingine.

Wahariri watasema muda haupo, mtambo unasubiri, na mpangaji kurasa ana tundu la safu tatu la kujaza saa 4 usiku. Ni kweli. Lakini AFP nayo ilikuwa na haraka usiku ule, na haraka yenyewe ndiyo iliyolichapa jina la mtu asiyehusika. Swali lililohitajika lilikuwa na maneno mawili tu: nani kapiga?

Zamani jibu lilikuwa linashikika mkononi. Mpiga picha wa mnato alikuwa na negativi, na aliyeshika negativi ndiye aliyeshika mlango. Ukitaka nakala nyingine ya picha ya harusi, unarudi studio na pesa yako. Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na baadaye kuionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984, aliacha hazina ya picha inayotambulika kuwa yake hadi leo, miaka mingi baada ya kufa katika ajali ya ndege karibu na Komoro mwaka 1996. Faili la kidijitali halina mlango wa namna hiyo. Likitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hata taarifa zilizofichwa ndani yake, za kamera, tarehe na jina la mpigaji, hupukutika njiani.

Sheria, hata hivyo, ipo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ulinzi huanza kazi inapoundwa. Si lazima mtu awe amesajili kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ingawa kusajili humsaidia siku ya ubishi. Sheria hiyo inampa pia mpigaji haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Kenya ina sheria yake ya 2001 inayosimamiwa na bodi ya hakimiliki, KECOBO, na mabadiliko ya 2019 yaliweka utaratibu wa kuwaandikia watoa huduma za intaneti ilani ya kuondoa kazi iliyochapishwa bila idhini. Nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo picha iliyopigwa Tanga haipotezi mwenyewe ikivuka mpaka.

Kinachowaangusha wapiga picha wetu mara nyingi ni namna ya kudai. Mtu akikuta picha yake gazetini, anakimbilia mtandaoni kutukana. Matusi yanapata mashabiki hadi jioni, na kesho yake mhariri ameshapata sababu ya kutomjibu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mpiga picha ni faili halisi lililotoka kwenye kamera pamoja na picha nyingine za mfululizo uleule, ambazo mwizi hana. Aliyenyakua picha moja hawezi kuonyesha ile iliyopigwa sekunde mbili kabla. Anunue nakala ya gazeti na ahifadhi risiti. Kama ni tovuti, anase ukurasa wote ukionyesha anwani na tarehe kabla haujafutwa. Kisha aandike barua fupi yenye heshima, aambatanishe ankara kwa bei anayowatoza wateja wake wengine na siku ya mwisho ya kulipa. Mhasibu anaijua ankara. Hasira hana pa kuiingiza kwenye vitabu vyake.

Bei hiyo lakini hudaiwa na mtu anayejua alichouza na ambacho hakuuza. Mpiga picha wa Marekani, Carol Highsmith, aliipa Maktaba ya Bunge ya nchi yake maelfu ya picha ili umma uzitumie bure. Mwishoni mwa 2015 alipokea barua ya kumdai dola 120 kwa sababu taasisi yake iliweka mojawapo mtandaoni: picha aliyoipiga mwenyewe! Alipofuatilia aligundua Getty inatoza watu kwa picha zake 18,755. Mwaka 2016 alifungua kesi ya kudai dola bilioni 1. Madai yake ya hakimiliki yalitupwa mwaka huohuo, kwa kuwa alikwisha kuuachia umma haki zake. Morel hakuachia chochote, akashinda. Tofauti ya wawili hao ilikuwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana inafaa kukitazama kitabu cha risiti cha mpiga picha wa kawaida wa mjini, anayeuza picha kwa hoteli, kwa mgombea ubunge au kwa kampuni ya utalii. Mara nyingi kimeandikwa idadi ya picha, kiasi cha fedha, na maneno “malipo kamili”. Hakisemi ni kwa matumizi gani, kwa muda gani, wala kama hoteli ikishazipokea inaweza kumgawia wakala wa safari wa Ulaya. Hoteli inazigawa kwa nia njema kabisa, na miaka mitatu baadaye picha iko kwenye jalada la kitabu cha watalii, imeandikwa jina la hoteli.

Mistari miwili juu ya sahihi ingetosha kulizuia hilo, na kitabu chenyewe kina nafasi tele chini ya neno “Maelezo”, ambapo wengi hupiga kistari.