Mawe ya figo: Todonyang wanaambiwa wanywe maji gani?

Sisi wa Pwani tunalijua jua kali, na maji ya kisima yenye chumvi tunayajua pia. Ndiyo maana suala la mawe ya figo kule Turkana silioni kuwa la watu wa mbali.

Mwili ukitoka jasho jingi na maji ya kunywa yakawa haba, mkojo huwa mzito, na chumvichumvi zilizomo hugandana zikawa mawe. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Kubwa huhitaji daktari wa upasuaji. Likiziba njia kwa muda mrefu, figo huharibika.

Daktari humwambia mgonjwa anywe maji kwa wingi. Sawa, lakini maji gani? Todonyang iko kando ya Ziwa Turkana, mpakani na Ethiopia, na ziwa hilo lina maji ya magadi yenye floraidi nyingi. Mwaka 2013 tulitangaziwa hazina kubwa ya maji chini ya ardhi huko Lotikipi. Yalipopimwa baadaye, yakakutwa na chumvi nyingi.

Kwa hivyo tusidanganywe na hesabu za upasuaji. Zinaonyesha waliofika hospitali, si wote wanaoumwa. Aliyeshindwa na nauli ya Lodwar hamo, wala ndugu yetu wa Kiunga aliyeshindwa kufika Mombasa.

Huduma za afya zimegatuliwa kwa kaunti tangu 2013. Magavana waanze na maji safi, na mashine ya altrasaundi iwe karibu na mwananchi. Kisu kiwe cha mwisho.