Redio Nayo Ina Fasihi

Matatu zinazotoka Thika alfajiri huwa zimekwisha kufunguliwa redio kabla hazijafika Ruiru, na abiria hana hiari ya kutosikiliza. Hatimaye hupita mbele ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katika idara nyingi za Kiswahili nchini, riwaya na tamthilia ndizo zitawalazo tasnifu. Yasemwayo redioni hubaki barabarani, kana kwamba si lugha.

Si kwamba njia haijafyekwa. Kimani Njogu, aliyepata kufundisha chuoni humo, alitafiti ushairi wa kujibizana kwa shahada yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akajishughulisha na mchezo wa redio. *Ushikwapo Shikamana*, uliosikika mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufufuliwa mwaka 1998, ulifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mwema, mhusika mbaya, na wa tatu anayesitasita. Huyu wa tatu ndiye kiini. Tangazo la upangaji uzazi humwamuru msikilizaji. Anayesitasita humwachia nafasi ya kubishana naye jikoni, kumlaumu, hata kujiona ndani yake. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mahubiri yaliyovishwa kanzu ya sanaa, na pengine hawakosei. Lakini hilo ni swali la uhakiki, na wahakiki wake ni wachache mno.

Mwaka 2000, Njogu na Rocha Chimerah walipotunukiwa Tuzo ya Noma kwa *Ufundishaji wa Fasihi*, Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu, na vituo vingine vya lugha za kienyeji vikafuata. Baada ya ghasia za 2007/2008, Tume ya Waki ilivilaumu baadhi ya vituo hivyo kwa uchochezi. Mtangazaji Joshua arap Sang alishtakiwa The Hague. Kesi yake ilifutwa Aprili 2016. Mawakili na wanahabari waliandika mengi. Wanafasihi je? Neno "madoadoa", la Kiswahili kisicho na kosa la sarufi, lilitumiwa kuwataja majirani kama uchafu wa kufutwa. Nani angelichambua sitiari hiyo vyema kuliko mwanafunzi wa mitindo? Hatari yake haiko mbali na Mto Chania, kwa kuwa viwanda vya Thika vimewakusanya watu wa kila kabila katika ploti moja.

Mwanafunzi aliyepanga chumba Ruiru hahitaji ruzuku ili aanze utafiti huo. Redio ya jirani yasikika ukutani.