Kalemie: Mgonjwa wa figo aulizwe yeye mwenyewe, tena kwa Kiswahili

Mjini Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, hakuna asiyejua kipindupindu. Wakaaji wanajua kwamba kinaua kwa kumaliza maji mwilini. Wachache ndio huelezwa sehemu ya pili: maji yakiisha, damu haifiki vizuri kwenye figo, nazo zinaweza kusimama. Mgonjwa anaacha kukojoa. Akipewa seromu mapema na ya kutosha, mara nyingi figo zinaanza tena kazi. Akichelewa, mambo yanageuka.

Kwa hiyo swali la bei ndogo kuliko yote hospitalini ni hili: «Mama, umekojoa mara ya mwisho saa ngapi?» Halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji tu mtu wa kuliuliza kwa heshima. Mama mtu mzima hatalijibu kwa sauti katika chumba kilichojaa watu, mbele ya mkwe wake aliyemleta, huku kijana mwenye koti jeupe akisubiri na kalamu mkononi. Atasema «niko sawa tu», na karatasi itaandikwa hivyo. Pazia moja, ao muuguzi mwanamke, kungetosha.

Ni vilevile kwa dawa. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa ovyo barabarani zinaweza kuharibu figo, na baadhi ya dawa za miti pia. Daktari anahitaji kujua mgonjwa alikunywa nini nyumbani. Lakini mzee aliyegombezwa mlangoni kwa sababu alianzia kwa mganga wa kienyeji, atakubali kweli kusema? Atanyamaza, na matibabu yataanza bila habari hiyo.

Viongozi hupenda kuahidi mashine za dialisi. Zinahitajika, hakuna ubishi. Mwezi wa tano 2025, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu afya ya figo, na ni haki kuikumbusha serikali. Ila mashine haimuulizi mtu anataka nini. Kwa kawaida dialisi hufanywa mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, na kwa yule ambaye figo zake zimekufa kabisa ni ya maisha yote, isipokuwa apandikizwe figo nyingine. Basi kumtuma mtu wa Kalemie Lubumbashi kwa matibabu hayo ni kumhamisha: nyumba ya kupanga, chakula, ndugu wa kumlinda. Jamaa wanauza kiwanja, wanauza mtumbwi na nyavu.

Na nani anakata shauri? Mara nyingi daktari anamwita mtoto mkubwa kando, anamwambia kwa Kifaransa «insuffisance rénale», kisha wajomba wanakutana uani. Mwenye figo amelala kitandani, anasikia minong'ono. Pengine yeye angechagua kwenda. Pengine angechagua kubaki na wajukuu wake, apunguziwe uvimbe na maumivu, kiwanja kibakie kwa watoto. Yote mawili ni majibu ya mtu mwenye akili zake, ila lazima kwanza aelezwe ukweli. Kuna jamaa wanaomwomba daktari afiche. Hapo daktari asikubali haraka.

Wauguzi watajibu kwamba wagonjwa ni wengi na mishahara inachelewa. Ni kweli, na hilo ni deni la serikali, maana Katiba ya 2006 katika kifungu cha 47 inahakikisha haki ya afya. Katiba hiyohiyo inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, mgonjwa anatoka hospitalini na karatasi ya Kifaransa ambayo hawezi kuisoma.

Wakurugenzi wa hospitali wanaweza kuanzia hapo wiki hii, bila kungoja bajeti ya Kinshasa. Nusu ukurasa kwa Kiswahili inatosha: dawa gani asinywe tena, tarehe gani arudi kupimwa tansio na kreatinini, na dalili gani zimrudishe usiku uleule.